Gitaa Kongwe la Nyuzi Kumi na Mbili: Kulitambua na Kulikarabati

Nyuzi za gitaa la nyuzi kumi na mbili hupangwa kwa jozi sita. Katika jozi mbili nyembamba, nyuzi zote mbili hutoa sauti ileile. Katika jozi nne nzito, uzi mmoja huwa okteva moja juu ya mwenzake. Ndiyo maana mpigaji mmoja husikika kama wawili. Lakini nyuzi hizo pia huvuta mno. Nyuzi sita nyepesi za chuma huvuta kwa nguvu ya uzito wa kilo 70 hivi. Kumi na mbili, zikikazwa hadi sauti ya kawaida, hupita kilo 100. Mvuto huo ukidumu miongo mitano au sita, hupinda mbao na kuachanisha maungio. Karibu kila ugonjwa wa gitaa kongwe la aina hii huanzia hapo.

Magitaa haya yalipata jina Marekani mwanzoni mwa karne ya 20. Kampuni ya Oscar Schmidt ya Jersey City, New Jersey, iliyatengeneza kwa jina la Stella na kuyauza kwa bei nafuu. Mwanamuziki Huddie Ledbetter, aliyejulikana kama Lead Belly, aliyapiga akiwa amezilegeza nyuzi chini sana ya sauti ya kawaida. Mwaka 1939 jina la Stella lilichukuliwa na kampuni ya Harmony ya Chicago. Mapema miaka ya 1960 muziki wa kiasili wa Marekani ulishika kasi, na wimbo “Walk Right In” wa kundi la Rooftop Singers, uliovuma mwaka 1963, ukafanya gitaa hili litafutwe kila mahali. Harmony, Gibson, Guild na Martin waliyatengeneza kwa wingi. Mengi ya makongwe yanayopatikana leo ni ya kipindi hicho.

Utambuzi huanzia ndani ya tundu la sauti, kwa tochi na kioo kidogo. Jina lililo kichwani halitoshi: Stella ya Jersey City na Stella ya Chicago ni magitaa mawili tofauti. Katika magitaa ya Harmony, hutafutwa muhuri wa wino kwenye ubao wa nyuma. Namba inayoishia na H1270, kwa mfano, huonyesha modeli ya nyuzi kumi na mbili yenye mwili mkubwa. Muhuri mwingine wenye herufi F au S na tarakimu mbili hutaja mwaka, kwa hiyo F-66 ni 1966. Martin hugonga namba kwenye kipande cha mbao kinachoshikilia shingo, na kwa kuwa namba hizo zimefuatana tangu 1898, mwaka hupatikana kwa urahisi.

Kisha hutazamwa mataruma, yaani vijiti vinavyotegemeza ubao wa juu kwa ndani. Harmony ilivilaza sambamba kama ngazi. Martin huvipitanisha kwa umbo la herufi X, mpango unaostahimili mvuto vizuri zaidi. Aina ya mbao nayo ina uzito wake. Martin D12-35, iliyotoka mwaka 1965, mwanzoni ilikuwa na mgongo wa rozwudi ya Brazil, mti wa jamii moja na mpingo wanaouchonga Wamakonde. Tangu 1992 mti huo unalindwa kikamilifu na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na gitaa lenye mbao hizo huhitaji vibali kabla ya kuvushwa mpaka kwa ajili ya kuuzwa.

Kabla ya kukarabati lolote, nyuzi hulegezwa na gitaa hupimwa. Karatasi nyembamba ikipenya chini ya daraja, yaani kipande kinachoshikilia nyuzi kwenye ubao wa juu, gundi imeachia. Ubao wa juu ukigongwa kwa kidole na kutoa mtetemo mkavu, taruma limebanduka. Kipimo kikuu ni rula ndefu iliyonyooka, ikilazwa juu ya freti kuelekea darajani. Ncha yake ikigusa usawa wa juu wa daraja, shingo iko sawa. Ikigonga ubavu wa daraja chini ya usawa huo, shingo imevutwa mbele na nyuzi zitakuwa juu mno kwa vidole.

Matengenezo huanzia ndani kuja nje. Mataruma hugundishwa kwanza na kubanwa, kisha nyufa hugundishwa na kushikizwa kwa viraka vidogo vya mbao upande wa ndani. Gundi ya ngozi ndiyo bora, kwa sababu huyeyuka kwa joto na unyevu, hivyo fundi wa kesho ataweza kuifungua bila kuvunja mbao. Gundi ya epoksi humfungia mlango.

Shingo iliyovutwa hutolewa kwa mvuke. Freti moja iliyo karibu na kiungo hung'olewa, tundu dogo hutobolewa kwenye nafasi yake, na mvuke huelekezwa humo hadi gundi ilegee. Kisha kisigino cha shingo hupunguzwa kidogo kidogo, mara nyingi milimita moja au mbili tu upande wa chini, huku rula ikirudishwa kupima kila mara. Njia ya mkato ya kukwangua daraja ili nyuzi zishuke hupunguza nguvu ya daraja na kuacha pembe ya shingo ikiwa mbaya vilevile.

Vanishi ya zamani haikwanguliwi. Husafishwa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kwani kulipaka upya gitaa zima hupoteza ushahidi wa umri na kushusha thamani.

Mwisho huwekwa nyuzi nyepesi. Zikikazwa hatua moja nzima chini ya sauti ya kawaida, mvuto hupungua kwa takriban moja ya tano. Mpigaji anayetaka sauti ya kawaida hufunga kapo, yaani kibanio cha nyuzi, kwenye freti ya pili. Katika chumba chenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55, mbao hazikauki wala kuvimba, na maungio yaliyokarabatiwa hudumu.