Prostati: Mwanga Unaomusaidia Munganga Kuona Kansere



Wanaume wengi wanaona haya kumwambia munganga habari za mukojo. Haya hiyo inaweza kumupotezea mutu maisha.

Prostati ni nini?

Ni kiungo kidogo cha mwanaume, chini ya kibofu, kinachozunguka njia ya mukojo. Mutu akizeeka, prostati inakua, na mara nyingi si kansere. Lakini kansere ikianza, kwa kawaida haiumi.

Namna gani inajulikana?

Munganga anapima kwa kidole na kwa damu. Kipimo cha damu, PSA, peke yake hakitoshi: kinapanda hata prostati ikikua tu ao ikiwa na uambukizo. Kazini kwetu hakuna anayehesabu shaba kwa kuona jiwe la kijani. Tunatoboa, tunatoa sampuli, laboratwari inahakikisha. Munganga naye anachukua kwa sindano vipande vidogo vya nyama, mara nyingi 10 ao 12.

Katika laboratwari, vipande vinatiwa katika nta, vinakatwa vyembamba sana, vinatiwa rangi, na kuangaliwa kwa mikroskopu. Fundi anatazama namna vijitezi vimepangwa. Njia hii ilianzishwa na Donald Gleason wa Marekani mwaka 1966: mupango ukiharibika zaidi, kansere ni kali zaidi. Jibu linangojewa siku nyingi.

Mwanga unasaidia nini?

Leo kuko mikroskopu za laseri. Kipande kinachovywa katika rangi, laseri inaifanya rangi iwake, na picha inatoka kwa dakika chache bila kukata nyama. Wakati wa operesheni, munganga anaweza kutazama kingo za prostati aliyoitoa, ajue kama kansere imebaki, mugonjwa angali mezani.

Njia nyingine inatoka kwa C. V. Raman wa Uhindi. Mwaka 1928 alionyesha kwamba mwanga ukipiga kitu, sehemu ndogo yake inarudi na rangi iliyobadilika, kufuatana na kitu chenyewe. Watafiti wanatumia alama hiyo kutenganisha nyama nzima na ya kansere.

Lakini mwanga huu hauingii mbali katika nyama. Sindano ingali ya lazima, na laboratwari vilevile.

Tufanye nini?

Musingoje mashine hizo. Ukifikia miaka 50, umuulize munganga juu ya kipimo. Ikiwa baba ao ndugu yako wa tumbo moja aliugua kansere hii, uulize tangu miaka 45 ao mbele yake. Sisi watu weusi inatupata zaidi kuliko wengine. Ukiona damu katika mukojo, ao mukojo ukikataa kutoka, nenda hospitali siku ileile.

Mama, umutie mume wako moyo, umusindikize. Kansere inayoonekana mapema inaweza kupona.