WATI NA LIRU: MLIMA WA NYUMBANI HAUDHARAULIWI

Wako askari wengi wa Nile Magharibi ambao wameilinda milima ya watu kwa miaka mingi. Wengine wamelala chini ya Ruwenzori, wengine wameufahamu mlima Elgon kwa miguu yao wenyewe. Lakini mmoja wao akirudi Arua kwa likizo, mwanawe akamwuliza, "Baba, umewahi kufika juu ya Wati?" huenda akakosa la kusema. Mlima ulio karibu na nyumba huonekana kila siku, na kwa sababu hiyo hautazamwi.

Makala hii ni kwa ajili ya askari huyo, mkewe na watoto wake. Likizo ni fupi. Siku za kwanza huishia katika kusalimia jamaa, siku za mwisho katika kufunga mizigo, na katikati mtoto mdogo hubaki akimtazama baba yake kwa mbali kama mgeni. Kutwa moja ya kutembea pamoja mlimani huweza kuondoa ugeni huo, nayo haina gharama kubwa. Ila mlima una masharti yake, na asiyeyajua huyajifunza kwa machozi.

MILIMA YA WAZEE

Katika nchi ya Walugbara iko milima miwili ambayo kila mtu huitaja. Wa kwanza ni Wati, ambao wengine huuita Eti, katika wilaya ya Terego iliyotengwa na wilaya ya Arua mwaka 2020. Wa pili ni Liru, upande wa Koboko, mji ulio kiasi cha kilometa 55 kaskazini ya Arua, karibu na mipaka ya Kongo na Sudani Kusini.

Wazee husimulia kwamba hapo zamani walikuja mashujaa wawili, Jaki na Dribidu. Jaki alifia juu ya Liru, na Dribidu juu ya Wati. Wana wao ndio walioanzisha koo za Walugbara. Wakakwa wa Koboko nao humtaja Jaki katika nasaba zao. Mtaalamu wa Kiingereza, John Middleton, aliyeishi miongoni mwa Walugbara kati ya mwaka 1949 na 1952, aliyaandika masimulizi hayo kama alivyoyapokea. Imo humo habari ya mwanamke mwenye ukoma aliyekuwa na moto, wakati shujaa alikuwa akila nyama isiyoiva. Mwanamke alimpa moto. Shujaa akamponya ukoma wake kwa dawa aliyoijua.

Basi, apandaye milima hii hapandi mawe matupu. Anapita juu ya makaburi ya wazee wa watu. Kabla ya kuinua mguu, yapasa kufika kwa mwenyekiti wa LC wa kijiji na kwa wazee wa mahali, kuwasalimu na kueleza nia. Neno moja la Kilugbara, "Mi ngoni," hufungua nyuso nyingi. Waombe wakupe kijana au mtu mzima wa kukuongoza, umpe ujira wake mlioafikiana, na akikuambia kwamba mahali fulani hapaguswi, usipaguse.

Ndugu zetu wenye kuvaa sare wakumbuke jambo moja zaidi. Mwaka 1980 na baada yake, maelfu ya watu wa Nile Magharibi walikimbilia Zaire na Sudani kwa ajili ya vita. Waliokuwa watoto wakati ule leo ni wazee. Mtu mwenye sare akionekana anapanda kichakani, mapigo ya moyo wa mama fulani yatabadilika. Likizoni vaa nguo za kiraia, acha silaha mahali pake, tangulia kusalimu.

JIWE LENYEWE

Njia ya mlima huamuliwa na jiwe lake. Wenzetu wa Tororo wana mlima wa mawe yenye chokaa juu ya mji wao, na chokaa ya upande ule ndiyo iliyoleta kiwanda cha saruji. Mwamba wa chokaa huyeyushwa na maji ya mvua kidogo kidogo, ukaingiwa na nyufa na mapango kama yale ya Amboni karibu na Tanga. Apandaye huko hujihadhari na makali ya mawe na mashimo.

Wati si wa namna hiyo. Miamba yake ni migumu, iliyopikwa kwa joto na mgandamizo mkubwa chini ya ardhi, na ni miongoni mwa iliyo mikongwe kabisa katika Afrika Mashariki. Wataalamu waliochunguza Nile Magharibi katika miaka ya 1960 waliliita kundi la kale zaidi la miamba hiyo kwa jina la Wati, na lililofuata kwa jina la Arua. Umri wake umepita miaka milioni 2,500. Mtoto wa shule na ajivunie kwamba jina la mlima wa kwao limo katika vitabu vya elimu ya miamba.

Kwa miguu, maana yake ni hii. Mlima wa mwamba mgumu kwa kawaida huwa na sehemu tatu. Chini kuna mashamba na vijia vya watu na mbuzi. Hapo usikanyage mihogo ya mtu. Katikati kuna mawe makubwa yaliyoporomoka, na nyasi ndefu katikati yake. Hapo ndipo nyoka aina ya kifutu hupenda kulala, na nyuki hujenga katika nyufa. Gonga kwa fimbo mbele yako, wala usitie mkono mahali usipopaona. Juu kuna mwamba mtupu, mpana, wenye mteremko. Ukiwa mkavu hushika kiatu vizuri. Ukilowa, ile kuvu ya mawe huwa kama sabuni.

HESABU YA WAKATI

Mwaka 1892, Mskochi mmoja aitwaye William Naismith alitoa kanuni ambayo wapanda milima wanaitumia hata leo: saa moja kwa kila kilometa 5 za njia, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Askari aliyezoea mwendo wa kwata ataona ni mahesabu ya wazee. Lakini ukiwa na watoto, zidisha mara mbili. Mtoto hukaa kila apatapo kijiwe kizuri, na kushuka humchosha kuliko kupanda.

Kwetu jua huchomoza karibu saa moja asubuhi na kuzama karibu saa moja jioni, mwaka mzima. Uwe chini ya mlima jua linapotoka. Kisha wekeni saa ya kugeuka, tuseme saa tano, na ikifika mgeuke hata kama kilele kiko mbele ya pua. Mwachie mtu aliyebaki nyumbani habari mnakokwenda, mko wangapi na mtarudi saa ngapi. Kikosi hakitoki bila kuandika daftarini. Familia nayo isitoke hivyo.

SIKU NILIPOFUNDISHWA

Naandika haya kwa kuwa mimi mwenyewe niliyavunja. Ilikuwa mwezi wa Aprili, nami nilikwenda Wati pamoja na wapwa zangu wawili. Badala ya alfajiri tuliondoka saa nne, kwa sababu ya chai na maongezi. Mwongozaji wetu alikuwa mzee mmoja, askari mstaafu, mwenye Kiswahili kizuri cha kambini. Hakunilaumu. Alitazama mawingu tu, akatazama saa yangu.

Tulifika juu yapata saa nane. Upande wa mashariki nchi iliteremka kwa mbali kuelekea Nile, na watoto wakapiga kelele za furaha. Upande huohuo anga lilikuwa limeanza kuwa jeusi. Nikasema, "Mzee, tupige picha moja tu, kisha tushuke."

Akajibu, "Bwana, picha itakungoja. Radi haingoji." Akawashika watoto mikono, akaanza kuteremka bila kunitazama.

Nilimfuata nikiwa nimekasirika. Haikupita nusu saa, pale tulipokuwa tumesimama pakapigwa na radi ambayo mpaka leo naisikia. Mwamba tuliopandia ukawa mto. Mpwa wangu mdogo aliteleza, akachanika goti, na kama mzee asingekuwa chini yake, sijui ningemwambia nini mama yake. Nilitaka tukimbilie chini ya mti mkubwa. Mzee alikataa, akatuchutamisha katika vichaka vifupi bondeni, kila mmoja mbali na mwenzake, hadi ngurumo zilipokwenda. Jioni nilimwomba radhi. Alicheka, akasema kwamba afisa mzuri ni yule anayejua kurudi nyuma.

Radi si mchezo katika nchi yetu. Mwezi wa Agosti 2020, watoto kumi waliokuwa wakicheza mpira hapa Arua waliuawa na radi moja, nao walikuwa wamejikinga ndani ya kibanda. Kibanda cha nyasi hakiikingi radi, wala mti. Nyumba ya matofali yenye milango iliyofungwa, au gari lililofungwa, ndiyo kinga.

Jifunzeni kuhesabu. Mwanga ukiwaka, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo: kila sekunde tatu ni kilometa moja hivi. Hesabu ikiwa 30 au chini, hatari imekwisha kuwafikia. Shukeni kutoka mahali pa juu na penye wazi, achaneni na mti ulio peke yake, na msiondoke mlipojikinga mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Lililo bora ni kupanda wakati wa kiangazi, Desemba hadi Februari. Hata hivyo, wakati huo nyasi ni kavu, na kijiti kimoja cha kiberiti huteketeza mlima mzima. Sigara ibaki nyumbani.

MIZIGO NA CHAKULA

Kila mtu mzima abebe lita mbili za maji, na mtoto lita moja. Usitegemee maji ya mlimani. Chakula kiwe cha kushikwa kwa mkono: mihogo ya kuchemsha, mayai, karanga, ufuta uliosagwa na asali ya kwetu. Enyasa ya asubuhi, kabla ya safari, hushikilia tumbo mpaka mchana. Chukueni pia kitambaa safi cha kufungia kidonda, filimbi, tochi, na sukari na chumvi kidogo. Mtu akilegea kwa jua, mketishe kivulini, umnyweshe polepole lita moja ya maji safi iliyotiwa vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Viatu viwe vilivyokwisha kuzoea mguu. Takataka zote zirudi nanyi chini.

Na tusiwaache akina mama kuwa wafungaji wa vikapu peke yao. Mama aliyelea watoto peke yake miezi minane naye anastahili kusimama juu ya Wati na kupigwa na upepo. Siku hiyo baba na abebe kikapu, tena atembee nyuma kabisa, kwa mwendo wa mtoto aliye mdogo kuliko wote. Mwendo huo utamwudhi kwa saa ya kwanza. Saa ya pili mtoto ataanza kumweleza habari za shule, za rafiki zake, na za usiku alipougua baba akiwa mbali.

Likizo ikiisha, askari atarudi kwenye kambi yake. Nyumbani mtoto ataunyoshea mlima kidole na kuwaambia wenzake, "Pale nilifika na baba yangu, tukarudi salama." Ili aweze kuyasema maneno hayo ya mwisho, ondokeni alfajiri, mkageuke kwa wakati.