Sakado ya mbio: mvua haingoji utafute karatasi

Ilikuwa saa tisa za usiku wakati mvua ilijaza kartieri yetu. Mufereji uliziba juu ya sashe, maji yakarudi mu maparsele, na mbele jua litoke kuta za matofali mabichi za nyumba mbili zilikuwa chini. Siye wa sendika tulifika kule na pele na bruweti. Mungu alisaidia, hakuna mutu aliyekufa.

Mama wa nyumba ya kwanza alikuwa ametoka na watoto, simu, na sakado ya shule ya zamani yenye kujaa. Mama wa nyumba ya pili alitoka na watoto tu. Ni mujane. Bwana yake alikufia ku mine miezi ine mbele ya hapo, alikuwa anatumikia kampani ya sutretansi, na dosie yake ilikuwa haijaisha. Karatasi zote zilikuwa mu karto chini ya kitanda. Tulipomuuliza, akajibu: "Byote bilienda na mayi." Leo tunapoandika, dosie ingali imesimama. Bosi wa sutretansi anasema hamujui ule mutu.

Tangu siku ile, mu kila mukutano tunaongea juu ya sakado ya mbio. Wamoja walicheka: "Leo banasendika banatufundisha na kupanga sakado?" Wacheke. Huku kwetu mvua inaanza mwezi wa kumi, inaenda mpaka mwezi wa ine. Tena siye tunaoishi karibu na mine hatukimbii mvua peke yake. Ku Kolwezi, mu Kasulo, tangu 2014 watu walichimba kobalti mpaka chini ya vyumba vya kulala. Mutu anayelala juu ya shimo, na nyumba yenye nyufa, hatapata wakati wa kufungua kabati.

Tuanze na karatasi, kwani unga utaununua tena. Mu sakado kuwe: kontra ya kazi, fishi za mushahara (hata tatu za mwisho), namba ya CNSS, karte ya elekteri, acte de mariage, acte de naissance ya kila mutoto, fishi ya parsele, na karne za chanjo. Kama uko mu sutretansi na hawakukupa kontra, weka kile ulicho nacho: baji, karatasi ya pwentaji, mesaji za mushahara mu simu. Siku ya mabishano, baji yenye jina la kampani inaweza kusema mahali ambapo wewe hauko tena. Funga yote mu sashe mbili, moja ndani ya ingine, na uweke mu ndoo ndogo ya rangi yenye kifuniko cha kukaza. Kiisha piga kila karatasi picha, utumie dada yako ao ndugu anayeishi muji mwingine.

Mutoto mwenye hajaandikwa ku état civil, mumuandike sasa. Sheria inatoa siku 90 tangu kuzaliwa. Zikipita, ni lazima kwenda ku tribinali kutafuta jugement supplétif, na kule ni feza na siku za kazi zinazopotea.

Hapa tuseme na siye wanaume. Wengi wetu tunafungia karatasi mu sanduku ya chuma, ufunguo mu mufuko wa suruali, na bibi hajui namba ya CNSS wala jina la kampani iliyoandikwa mu kontra. Tunasema ni kulinda. Kulinda juu ya nani? Siku unabaki ku shimo, ufunguo unabaki na wewe, na ndugu zako wanafika ku kilio wakiuliza fishi ya parsele mbele ya kuuliza kama watoto wamekula. Tumeona hiyo mara nyingi, na hatuna haya kuiandika. Bibi ajue sakado iko wapi, na mutoto mukubwa naye ajue.

Maji. Bidoni moja ya litre 20 yenye kifuniko, isiyoguswa, ibadilishwe kila siku ya posho. Javel pia, ile ya kawaida ya 5%, isiyo na marashi: matone 2 mu litre moja ya maji yenye kuangaa, matone 4 kama yako na uchafu na umekwisha kuyachuja, kisha ungoje dakika 30. Nyuma ya mafuriko kolera iko karibu. Mutoto akianza kuhara na hamuna sashe za ORS, litre moja ya maji yaliyochemka na kupoa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko vyote vya kusawazisha. Munywesheni kidogo kidogo mu njia ya kwenda ku hospitali.

Bidoni ile iko na kazi ingine. Mwezi wa pili 2019, ku Kabwe, mu barabara ya Lubumbashi na Kolwezi, kamio yenye kubeba asidi iligongana na bisi, na zaidi ya watu 15 walikufa. Kamio za namna ile zinapita mbele ya milango yetu kila siku. Ikipinduka, musiende kuangalia, wala musikaribie kuokota kitu. Mukimbie upande upepo unatokea. Asidi ikimugusa mutu, mutoeni nguo mara moja na mumumwangie maji mengi yenye kutembea, dakika 20. Musipake mafuta, wala dawa ya meno, wala tomati. Bidoni ikiisha, muendelee ku robine ao ku kisima cha jirani.

Vingine ni vidogo: torshi na pile zake, filimbi, kiberiti mu sashe, blanketi moja, sabuni, kotekisi za mama, dawa za kila siku za mwenye tansiyo ao sukari, za siku saba. Feza iwe ya franka, noti ndogo ndogo. Dola yenye kupasuka kidogo hakuna mutu ataipokea, muko munajua, na usiku wa mvua hakuna wa kukuvunjia dola 50. Makala na mbabula vikae inje. Nyumba ikilowa, watu wanafunga milango na kulala na mbabula yenye kuwaka juu ya baridi. Moshi ule hauonekani, na asubuhi hawaamuki.

Sakado isipite kile mama mwenye mutoto ku mugongo anaweza kubeba akikimbia. Mupime: mama aivae, atembee mpaka ku eglize. Akichoka, mupunguze nguo, musipunguze karatasi.

Feza ya kununua yote mara moja hakuna mwenye iko nayo. Mu seksiyo yetu wamama kumi walianzisha likelemba: kila kenzeni mumoja anapata bidoni, torshi na ndoo. Wanne wamekwisha kupata.

Mujane wetu, siku ya kazi tatu tunaenda naye ku komini kuomba kopi za acte de naissance za watoto watatu walioandikwa. Wa ine hakuandikwa. Na tunatafuta watu waliofanya ekipi ya usiku na bwana yake: mwenye iko na picha yake akivaa kaske ya ile kampani, atuletee ku biro ya sendika.