Chekechea Baada ya Mafuriko

Usiku wa kuamkia Aprili 29, 2024, maji yaliyojikusanya nyuma ya tuta la reli ya zamani karibu na Mai Mahiu, kaunti ya Nakuru, yalilibomoa na kuzoa nyumba, magari na watu. Zaidi ya watu 50 walikufa. Siku hiyohiyo shule za Kenya zilikuwa zifunguliwe kwa muhula wa pili. Ufunguzi ulisogezwa hadi Mei 6, ukaahirishwa tena, na wanafunzi wakarejea Mei 13.

Wadogo kuliko wote walikuwa wa madarasa ya chekechea, PP1 na PP2, wenye miaka minne na mitano.

Mwalimu mkuu anayewapokea watoto hao ana mabwana wawili. Chekechea imo ndani ya uwanja wa shule yake ya msingi, lakini Katiba ya 2010 imeikabidhi kaunti elimu ya awali. Paa la darasa la nne likiezuliwa, anaiandikia wizara ya elimu. La PP1 likiezuliwa, anabisha hodi kwa kaunti. Anayelijua hili hutuma barua zote mbili mapema, huku wazazi wakishika majembe na mafagio.

Kazi ya kwanza ni maji na vyoo. Choo cha shimo kikifurika, uchafu huingia kisimani, na msimu ule kipindupindu kiliripotiwa kaunti ya Tana River. Mtoto anayetia kila kitu mdomoni hawezi kusubiri.

Kazi ya pili ni walimu. Mwalimu aliyelala na wanawe katika kambi ya waliohamishwa na mafuriko hawezi kuimba na watoto 40 asubuhi kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwalimu mkuu hukaa naye kwanza, humuuliza habari za nyumbani, humpunguzia zamu na kumtafutia mzazi wa kumsaidia darasani.

Ndipo hufika zamu ya watoto. Mtoto wa miaka minne hana maneno ya kueleza hofu: hukojoa kitandani, hung'ang'ania leso ya mama, hucheza mafuriko yaleyale kila siku kwa udongo na vikopo. Mwalimu asimkaripie, kwa kuwa ndivyo anavyolisimulia jambo lililomshinda. Sanduku la UNICEF la watoto wadogo, linalotosha watoto hadi 50, lina vikaragosi, mipira na vipande vya kujengea kwa sababu hiyo. Uji ukinywewa saa ileile na wimbo wa asubuhi ukiwa uleule, mtoto huanza tena kujua kinachofuata.

Mtoto hutulia zaidi anapojua la kufanya. Nchini New Zealand, ambako tetemeko la Februari 22, 2011 liliua watu 185 mjini Christchurch, watoto wa chekechea hufundishwa kujikunja kama kobe ardhi inapotikisika. Shule iliyo bondeni inaweza kuwazoeza watoto wake kushikana mikono na kupanda mahali pa juu, na kuandika nambari ya simu ya kila mzazi kabla ya masika ya Machi.