Sura ya Tano: Sifuri Nayo Ni Taarifa

Mwanzoni mwa Julai 2022, Kituo cha Afya Mbekenyera, wilayani Ruangwa mkoani Lindi, kilipokea wagonjwa wawili, mmoja tarehe 5 na mwingine tarehe 7. Wote walikuwa na homa, maumivu ya kichwa na uchovu wa mwili, na wote walikuwa wakitokwa damu puani. Homa kusini mwa Tanzania ni jambo la kila siku. Mtaalamu aliyechoka, mwenye foleni inayomsubiri nje ya mlango, angeweza kuandika malaria kwenye rejista ya MTUHA, mfumo wa taarifa za vituo vya afya, na kumwita anayefuata, na hakuna ambaye angemlaumu. Wale wa Mbekenyera hawakufanya hivyo. Waliona kwamba dalili hizo haziendani na homa walizozizoea, wakatoa taarifa wilayani, wilaya ikapeleka mkoani, na mkoa ukapeleka wizarani.

Kufikia tarehe 14 Julai Wizara ya Afya ilikuwa na wagonjwa 13, watatu wamefariki. Vipimo vilikuwa vimeshaonyesha kwamba si Ebola, si Marburg, wala si UVIKO-19. Tarehe 18, Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, alitangaza kwamba ni leptospirosisi, ambayo Watanzania wakaizoea kwa jina la homa ya Mgunda. Wagonjwa walikuwa wamefika 20, vifo vilibaki vitatu. Kumbe ni bakteria wanaotoka kwenye mkojo wa wanyama, panya hasa, na mtu huambukizwa kupitia maji na matope yaliyochafuka. Dawa zake zipo, tena si za gharama kubwa. Tangu mgonjwa wa kwanza aonekane hadi ugonjwa ujulikane kwa jina zilipita siku 13.

Naanza na Ruangwa kwa sababu tukizungumzia ufuatiliaji wa magonjwa ya kuambukiza kitaifa, mawazo ya wengi hukimbilia kwenye maabara, kompyuta na ramani zenye alama nyekundu. Vyote hivyo vinahitajika. Lakini havianzi kazi mpaka mtu mmoja, mara nyingi tabibu au muuguzi wa kituo cha mbali, aamue kwamba alichokiona leo kinastahili kujulikana na mtu mwingine. Akinyamaza, hakuna mtambo wa kuziba pengo lake. Sura hii inamhusu yeye: anaombwa nini, taarifa yake inapita wapi, na kwa nini wakati mwingine anaona heri anyamaze.

Tuanze na njia yenyewe. Mwaka 1998 nchi za Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani zilikubaliana, kwenye kikao cha Harare, kuwa na mfumo mmoja wa ufuatiliaji wa magonjwa na hatua za kuyakabili. Kabla ya hapo kila mradi ulikuwa na fomu zake: polio na zake, malaria na zake, kifua kikuu na zake. Mganga mfawidhi wa zahanati ndogo alijaza karatasi nyingi zinazouliza karibu mambo yale yale, huku wilayani kila karatasi ikiishia kwenye meza yake. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuujaribu mfumo jumuishi. Leo zahanati inatoa taarifa kwa mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa wa wilaya, naye anaipeleka mkoani, hadi wizarani. Na tangu mfumo uhamie kwenye simu, hata simu ya kitochi isiyo na intaneti inaweza kutuma tarakimu zinazosomwa Dodoma siku hiyo hiyo.

Taarifa hizo haziendi kwa mwendo mmoja. Yapo magonjwa ya kutolewa taarifa papo hapo, si zaidi ya saa 24: kipindupindu, tauni, homa ya manjano, kimeta, homa za virusi zinazosababisha kutokwa damu, kupooza ghafla kwa mtoto. Yapo ya kujumlishwa kila wiki, mengine kila mwezi. Na lipo fungu ambalo halina jina kwenye orodha yoyote: tukio lisilo la kawaida. Wanafunzi wa bweni moja kuugua usiku mmoja, vifo vya kufuatana katika ukoo mmoja, damu puani Mbekenyera. Fungu hili la mwisho ndilo linaloipima akili na moyo wa mtumishi, maana hana pa kuweka alama ya vema. Inabidi aandike mwenyewe kwamba ameona jambo asilolielewa.

Kwa magonjwa yaliyo kwenye orodha, anapewa vigezo vya kumtambua mgonjwa. Mahali ambapo hakuna mlipuko, mtu wa miaka miwili au zaidi anayeharisha majimaji na kuishiwa maji mwilini vibaya, au aliyekufa kwa kuhara huko, anahesabiwa kuwa mshukiwa wa kipindupindu. Vigezo havisemi subiri maabara. Sampuli inachukuliwa, lakini taarifa inatangulia, kwa sababu kipindupindu kinaweza kumuua mtu mzima ndani ya saa chache, na kisima alichokunywa yeye bado wanachota wengine. Mfumo mzima umejengwa juu ya shaka. Anayesubiri awe na uhakika ndipo aseme, kwa kazi hii amechelewa, hata kama mwishowe ataonekana alikuwa sahihi.

Na hapa ndipo penye kanuni ambayo watu wa nje ya fani huona ni usumbufu. Wiki ikipita bila mgonjwa hata mmoja wa ugonjwa unaofuatiliwa, kituo hakiruhusiwi kuacha nafasi wazi. Lazima kiandike sifuri na kuituma. Kwa nini kutuma habari ya kitu ambacho hakipo? Jiweke mahali pa mratibu wa wilaya siku ya Jumatatu. Zahanati kumi zimeandika sifuri ya surua, moja haijatuma chochote. Zile kumi zimemwambia jambo: tumeangalia, hatukuona. Ile moja anaweza kuisoma vyovyote. Labda hakuna surua. Labda mtumishi pekee yuko likizo, au fomu zimeisha, au simu haina chaji. Au surua imejaa kijijini na aliyepo ameelemewa na wagonjwa. Ukimya wa wiki moja hubeba mambo hayo yote kwa pamoja, na mratibu hana njia ya kuyatenganisha ila kupanda pikipiki.

Polio imelipeleka wazo hili mbali kuliko ugonjwa mwingine wowote. Virusi vya polio humpoozesha takriban mtu mmoja kati ya kila 200 walioambukizwa. Karibu wote waliobaki hawaonyeshi kitu, au hupata homa ndogo inayopita. Kwa hiyo mtoto mmoja aliyepooza maana yake kuna mamia wasioonekana. Basi wafuatiliaji hawamtafuti mgonjwa wa polio. Wanamtafuta kila mtoto wa chini ya miaka 15 aliyepooza ghafla kwa kiungo kulegea, sababu iwe yoyote, kisha wanachukua sampuli mbili za choo, zikipishana angalau saa 24, ndani ya siku 14 tangu apooze, na kuzisafirisha zikiwa kwenye ubaridi hadi maabara. Wengi wao hawana polio. Upo ugonjwa wa neva uitwao Guillain-Barré, yapo maambukizi mengine, na zipo sindano zilizochomwa mahali pasipofaa. Watoto hao wapo kila mahali duniani, na kipimo cha chini cha kimataifa ni kumpata angalau mmoja kwa mwaka katika kila watoto 100,000, na zaidi ya hapo kwenye maeneo ya hatari. Mkoa wenye watoto milioni moja unatakiwa kupata 10. Mkoa ukisema haukupata hata mmoja, haupewi pongezi. Unatumiwa wakaguzi, kwa kuwa maana yake hakuna aliyekuwa akitafuta.

Wanaodhani huo ni ukali uliopitiliza waitazame Malawi. Afrika ilithibitishwa kuwa haina polio ya asili Agosti 2020. Februari 2022 Malawi ikatangaza kwamba msichana wa miaka mitatu jijini Lilongwe alikuwa amepooza kwa virusi hivyo, na uchunguzi wa vinasaba ukaonyesha ukoo wa virusi hivyo uko Pakistan, mkoa wa Sindh. Alikuwa amepooza Novemba 2021. Ndani ya wiki chache Tanzania, Zambia na Msumbiji nazo zilikuwa zikichanja watoto nyumba kwa nyumba. Bila sampuli ya mtoto huyo, nchi hizo zote zingeendelea kujiona ziko salama.

Sasa tuje kwenye swali gumu, la kwa nini watu hunyamaza. Uvivu ni sehemu ndogo sana. Watu na nchi hunyamaza kwa sababu kusema kuna gharama, na mara nyingi gharama hiyo humwangukia aliyesema.

Desemba 1997, kipindupindu kikiwa kimeenea Afrika Mashariki, Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji. Viwanda vya minofu ya sangara kuzunguka Ziwa Victoria vikasimama au kupunguza kazi, na wavuvi wakakosa mnunuzi hadi zuio lilipoondolewa katikati ya 1998. Msimamo wa Shirika la Afya Duniani ulikuwa kwamba kuzuia chakula si njia ya kudhibiti kipindupindu. Ujumbe ulioingia vichwani mwa maofisa wa kanda hii ulikuwa wazi: takwimu ulizotoa kwa nia njema zinaweza kukufungia soko. Novemba 2021 ikawa zamu ya Afrika Kusini na Botswana. Wanasayansi wao waligundua aina mpya ya kirusi cha UVIKO-19 iliyoitwa Omicron wakaitangaza haraka, na ndani ya siku chache safari za ndege kutoka kusini mwa Afrika zikapigwa marufuku na nchi nyingi. Kwa maoni yangu huo ulikuwa uonevu, na madhara yake hayakuishia kwa watalii na mashirika ya ndege. Kila nchi iliyokuwa ikitazama ilijifunza somo baya.

Kanuni za Afya za Kimataifa, zilizopitishwa 2005 na kuanza kutumika Juni 2007, ziliandikwa kwa kuufahamu woga huo. Zinaitaka nchi ilipime tukio kwa maswali manne: madhara kwa afya ya jamii ni makubwa? Si la kawaida? Laweza kuvuka mipaka? Laweza kuleta vikwazo vya safari au biashara? Jibu likiwa ndiyo kwa mawili, taarifa itolewe kwa Shirika la Afya Duniani ndani ya saa 24. Kanuni hizo hizo zinazitaka nchi nyingine zisiweke vikwazo kupita kiasi. Sehemu ya kwanza ina ratiba na fomu. Sehemu ya pili inategemea utu wa wenye nguvu, na tumeona unavyopungua wakati wa hofu.

Hata hivyo, haki haitutaki tuwalaumu wa mbali peke yao. Tanzania yenyewe ilisimamisha takwimu za UVIKO-19 Mei 2020 zikiwa kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, na tarakimu hizo zikakaa hivyo zaidi ya mwaka, huku wananchi wakizika na kusikia habari za kuzika. Ukimya ule haukumkinga mtu yeyote.

Mkoa wa Kagera umeyaona mambo haya mara mbili ndani ya miaka miwili. Tarehe 16 Machi 2023 serikali ilitangaza ugonjwa usiojulikana wilayani Bukoba: watu saba wenye dalili, watano wamefariki. Tangazo lilitolewa kabla jina halijapatikana, na hilo lilikuwa jambo jema. Siku tano baadaye ikathibitishwa kuwa ni Marburg, mara ya kwanza nchini. Kufikia tarehe 2 Juni, siku 42 tangu mgonjwa wa mwisho apimwe na kuonekana hana tena virusi, mlipuko ulitangazwa kwisha. Wagonjwa walikuwa tisa, akiwemo mmoja ambaye hakuthibitishwa kwa kipimo, na waliofariki sita, mmoja wao mtumishi wa afya. Januari 2025 Marburg ikarudi, safari hii Biharamulo. Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari ya washukiwa tarehe 14, serikali ikaeleza kwamba sampuli zilizopimwa hazikuonyesha virusi, na tarehe 20 Rais Samia Suluhu Hassan akathibitisha. Watu 10 walihesabiwa kuwa wagonjwa, na wote 10 walifariki, wengi wao kabla ugonjwa haujathibitishwa. Mkoa ni ule ule. Muda uliopotea kabla ya jibu ndio uliokuwa mkubwa mara ya pili.

Siku hizi wataalamu hujipima kwa lengo la siku 7, siku 1, siku 7: mlipuko ugundulike ndani ya wiki tangu uanze, mamlaka ijulishwe ndani ya siku moja, hatua za mwanzo zikamilike ndani ya wiki inayofuata. Ni kipimo kizuri. Upungufu wake ni kwamba hakiulizi kama aliyetoa taarifa alijibiwa. Na kwa maoni yangu hapa ndipo mifumo yetu ilipo dhaifu kuliko kwingine kote. Muuguzi anatuma tarakimu kila Jumatatu, mwaka unaisha, hajapata neno: sampuli ile ilionyesha nini? Sifuri zangu zilifika? Anachosikia ni kukumbushwa akichelewa. Mtu akiishi hivyo muda mrefu huanza kujaza fomu kwa mazoea, akinakili za wiki iliyopita, na hapo tunakuwa na taarifa nyingi zisizo na habari ndani yake. Mratibu anayepiga simu kusema majibu yametoka, ni surua, asante, tunaleta chanjo, amefanya kazi kubwa kuliko semina ya siku tano hotelini.

Upo pia umma usiopita zahanati kabisa. Wengi huanzia duka la dawa, au kwa mganga wa tiba asili, au hubaki nyumbani kwa kukosa nauli. Mifugo nayo haiji kituoni: Homa ya Bonde la Ufa ilipozuka Kenya mwishoni mwa 2006 na kuingia Tanzania mwanzoni mwa 2007, mifugo ilikuwa ikitupa mimba na kufa, na wafugaji walilijua hilo kabla ya hospitali. Ndiyo maana wahudumu wa afya ngazi ya jamii na maofisa mifugo wanastahili nafasi kamili kwenye mfumo huu, wakiwa na malipo na usafiri.

Na wewe msomaji umo. Ukiona watu wa nyumba moja au mtaa mmoja wanaugua kwa mfanano, mtoto aliyekuwa akicheza jana leo mguu umelegea, au vifo vya mifugo visivyoelezeka, usingoje upate uhakika, wala usiogope kwamba utaonekana umezusha. Mwambie mhudumu wa afya wa kijiji au mtaa wako siku hiyo hiyo. Tanzania unaweza kupiga 199, kituo cha simu cha Wizara ya Afya. Kenya piga 719.