Je, Wajua? Msichana wa Nairobi na kombe la Wimbledon

Hadi Julai 2022, hakukuwa na Mkenya aliyewahi kutwaa taji katika mashindano manne makubwa ya tenisi duniani, ya wakubwa wala ya vijana. Angella Okutoyi, aliyekuwa na umri wa miaka 18 wakati huo, ndiye aliyevunja mwiko huo.

Alilelewa na bibi yake jijini Nairobi pamoja na pacha wake, baada ya mama yao kufariki walipozaliwa. Januari 2022 alishinda mechi kwenye mashindano ya vijana ya Australia, na miezi sita baadaye akaingia fainali ya Wimbledon ya wasichana wawili wawili akishirikiana na Mholanzi Rose Marie Nijkamp. Walipoteza seti ya kwanza 3-6, wakashinda ya pili 6-4, kisha wakamaliza kazi kwa pointi 11-9 katika mchezo wa kuamua mshindi. Roho mkononi!

Na waliofungwa? Wakanada Kayla Cross na Victoria Mboko. Wazazi wa Mboko wanatoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mwaka 2025 Mboko alitwaa ubingwa wa Kanada upande wa wakubwa.

Okutoyi naye alinyakua dhahabu ya Michezo ya Afrika mjini Accra, Machi 2024.