Uhuru kwa Mkopo: Jinsi Kenya Ilivyonunua Mashamba ya Masetla

Ukitoka Merigi, Bomet Mashariki, ukapita mji wa Bomet na kuendelea magharibi, unafika Sotik, ambako mashamba mengi yaliyokuwa ya Wazungu yamekatwakatwa vipande: ng'ombe wawili watatu wa maziwa, mahindi, majani chai nyuma ya nyumba. Ukielekea kaskazini, Kericho, majani chai yanatanda kilima baada ya kilima, na mwenyewe ni kampuni. Ardhi zote mbili ziligawiwa Wazungu na serikali ya kikoloni. Moja ilirudi kwa wenyeji kwa kununuliwa. Nyingine haikuguswa. Tofauti hiyo ilipikwa London na Nairobi kati ya 1960 na 1963, kwenye mazungumzo ambayo wakulima wenyewe hawakuitwa.

Mnamo Januari 1960 Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Iain Macleod, aliwakusanya wanasiasa wa Kenya katika jumba la Lancaster, London. Walipotoka ilikuwa wazi kwamba Kenya ingetawaliwa na Waafrika. Masetla walichachamaa. Kiongozi wao wa siasa za wastani, Michael Blundell, aliporudi Nairobi alirushiwa miguuni na setla mmoja vipande 30 vya fedha, malipo ya Yuda. Fedha nyingine, za kweli, zilianza kuhamishwa nje ya nchi, na bei ya mashamba ikaporomoka.

Hapo Uingereza ilijikuta kwenye kona. Ikiwaacha masetla waondoke mikono mitupu, Wahafidhina bungeni London wangeipigia kelele. Isipofanya kitu, wasio na ardhi, miongoni mwao waliotoka vizuizini baada ya vita vya Mau Mau, wangeingia mashambani wenyewe. Jibu lilikuwa ununuzi. Mpango mdogo wa 1961 uliungwa mkono na Benki ya Dunia na shirika la Uingereza la maendeleo ya makoloni, CDC. Julai 1962 ukatangazwa ule mkubwa, Mpango wa Ekari Milioni Moja: ekari 200,000 kila mwaka kwa miaka mitano, zigawiwe familia za Kiafrika. Zilizopata zilikuwa kama 35,000.

Bei ndiyo iliyokuwa kiini cha yote. Mashamba yalithaminiwa kwa kufuata soko la 1959, yaani kabla ya Lancaster na kabla ya hofu. Setla alilipwa kana kwamba uhuru haukuwa unakuja. Sehemu ya gharama ilikuwa ruzuku ya Uingereza, lakini sehemu kubwa ilikuwa mkopo, na mkopo huo ulimshukia mkulima mdogo: alipe ardhi kwa miaka 30 kwa riba ya asilimia 6.5, pamoja na deni jingine la ng'ombe, mbegu na ua. Kwa maneno mengine, pesa zilitoka London, zikapita Nairobi, zikaingia mfukoni mwa Mwingereza anayeondoka, na deni likabaki kwenye skimu, yaani makazi mapya ya wakulima waliogawiwa mashamba hayo.

Mataifa machanga yamewahi kununua ardhi kwa mkopo. Mwaka 1803 Marekani, ikiwa na umri wa miaka 27 tu, ilinunua Louisiana kutoka kwa Napoleon kwa dola milioni 15, na benki ya Barings ya London ilikuwa miongoni mwa zilizotafuta fedha hizo. Kwa sadfa ya ajabu, aliyekuwa mwenyekiti wa CDC Kenya ilipokopa alikuwa Evelyn Baring, gavana wa zamani wa Kenya wakati wa hali ya hatari ya Mau Mau, kitukuu wa mwasisi wa benki hiyo. Tofauti ni kubwa kuliko mfanano, hata hivyo. Marekani ilinunua nchi ya watu wengine bila kuwauliza wenyeji. Kenya ilinunua yake.

Si kila mtu aliyekubali. Wanasiasa Bildad Kaggia na Oginga Odinga walishikilia kwamba mtu halipii mali aliyoibiwa. Jomo Kenyatta, kiongozi wa chama cha KANU na wa serikali mpya, alichukua njia nyingine: hakuna cha bure, na hati miliki ziheshimiwe. Waziri wake wa Kilimo, Bruce McKenzie, alikuwa setla mwenyewe, ishara tosha kwa wawekezaji. Kaggia alitoka serikalini 1964, Odinga akafuata 1966.

Bonde la Ufa lilikuwa na hesabu zake. Chama cha KADU cha Ronald Ngala na Daniel arap Moi kilihofia kwamba ekari hizo zingechukuliwa na Wakikuyu wa KANU, ndiyo maana kilipigania majimbo yenye mamlaka yake. Taita Towett, mwanasiasa wa Wakipsigis, alikuwa miongoni mwa sauti zake. Basi skimu zikagawanywa kikabila bila mtu kulisema kwa sauti: Sotik upande huu Wakipsigis, ng'ambo ya mpaka, Nyansiongo na Borabu, Wakisii. Kericho yenyewe, ambayo wakati huo ilikuwa pamoja na Bomet, ilitolewa Nyanza na kuwekwa Bonde la Ufa mwaka 1963. Mpaka ule wa skimu umekuwa na fujo zake tangu hapo, hasa majira ya uchaguzi.

Na majani chai? Mpango ulilenga mashamba ya mchanganyiko, yale ya mahindi, ng'ombe na pareto. Mashamba ya chai ya Brooke Bond na James Finlay yaliachwa, hata yale ya kampuni ndani ya Sotik, kwa sababu yalileta fedha za kigeni na serikali mpya ilizihitaji. Mkulima mdogo aliachiwa mlango wa pembeni: apande chai kwenye shamba lake, kwanza chini ya mamlaka iliyoundwa 1960, kisha KTDA, mamlaka ya kuendeleza chai ya wakulima wadogo, kuanzia 1964. Ndiyo maana leo wakulima wa chai husubiri bonasi ya KTDA kwa hamu.

Lakini ardhi ya kampuni ina historia nzito. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, takriban ekari 25,000 za Kericho ziligawiwa maofisa wa Uingereza waliojeruhiwa ili walime kitani. Kilimo hicho kilifilisika, na chai ikachukua nafasi. Ukoo wa Talai, viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, ulihamishiwa Gwassi kando ya Ziwa Victoria kuanzia 1934, wasiruhusiwe kurudi hadi 1962, mwaka uleule wa ekari milioni moja. Waliorudi hawakukuta ardhi yao kwenye orodha ya kununuliwa.

Madai yao yamezunguka ofisi nyingi. Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi iliyatambua. Mwaka 2021 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walieleza wasiwasi wao, na 2022 kesi ikapelekwa Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, Strasbourg. Wakati huohuo mashamba yanauzwa, ila si kwa waliohamishwa: kampuni ya Browns ya Sri Lanka ilichukua mashamba ya Finlays mwaka 2023, na mwaka uliofuata ikakubaliana na Lipton kununua yale yaliyokuwa ya Brooke Bond. Mikataba ya kukodi ardhi kwa miaka 999 waliyoandikiwa wakoloni imepunguzwa na Katiba ya 2010 kuwa 99 kwa wasio raia.